Mikono Inalegea Baada ya Dakika Ngapi?

Saa kumi alfajiri muuza maandazi anafunua ndoo ya unga na mikono imegoma. Ngumi haifungi, pete haivuki pingili, kifuniko cha mafuta anafunguliwa na mwanawe. Anaitumbukiza mikono kwenye maji ya vuguvugu, anasubiri, ndipo anakanda. Jua linachomoza vidole bado vizito. Nyumbani wanamwambia ni baridi yabisi, aache kushika maji ya baridi.

Jina hilo limesema nusu ya kweli. Yabisi ni ukavu, na ndivyo anavyojisikia. Baridi inasingiziwa: huweza kuzidisha maumivu, lakini si chanzo cha ugonjwa.

Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa ndani ya kiungo, na ute hupenya vizuri kiungo kikikunjwa na kukunjuliwa. Ndiyo maana dereva wa lori hushuka akichechemea, kisha baada ya hatua chache anatembea sawa. Kumwambia mtu huyo akae tu apumzike ni kumkosea.

Goti lililochakaa kwa umri, uzito au kazi kwa kawaida hulegea ndani ya dakika 30. Ila vidole vya mikono yote miwili vikivimba na kukaza kwa zaidi ya saa nzima kila asubuhi, huenda kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia viungo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa wa aina hiyo kuwa milioni 18 mwaka 2019, takriban asilimia 70 wakiwa wanawake. Hao wanahitaji vipimo na dawa kama methotreksati mapema, kabla vidole havijapinda.

Badala yake wengi huishia duka la dawa, wakarudi na diklofenaki au deksamethasoni. Kesho yake mtu anaamka mwepesi, anashukuru. Miezi ikipita, ya kwanza huchubua tumbo na kuumiza figo, ya pili hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa.

Muuza dawa na mganga wa zahanati wanapaswa kuanza na swali moja: asubuhi unalegea baada ya dakika ngapi? Wa nusu saa aonyeshwe kunyoosha goti akiwa kitini, sekunde 5, mara 10 kila mguu. Muuza maandazi aende hospitali wiki hii hii, abebe vidonge vyote alivyokuwa akimeza, na kama kuna deksamethasoni, asiiache ghafla kabla ya kumwona daktari.