Kanzu ya Yosefu na RB ya polisi



Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, siku Kanisa lilipoanza kipindi cha Majilio, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia mji wa Katesh, Gendabi na vijiji jirani. Watu 89 walihesabiwa kuwa wamepoteza maisha. Wanajeshi, polisi, wauguzi na vijana wa vijijini walifukua tope pamoja, huku ndugu wakiwatafuta wapendwa wao hospitalini. Siku zile taifa lilijua la kufanya mtu anaposema, "Simwoni ndugu yangu."

Leo nakualika tumfikirie yule anayepotea peke yake, siku ambayo mlima umetulia na hakuna kamera.

Chukua kijana aliyetoka Haydom, wilayani Mbulu, kwenda kutafuta riziki machimbo ya Mirerani. Au binti wa Endasak, wilayani Hanang, aliyepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Simu haipatikani. Wiki inapita, kisha mwezi. Baba anauza mbuzi apate nauli, anafika kituoni, anapewa RB na kuambiwa asubiri kwanza, huenda kijana yuko kwa marafiki. Anarudi nyumbani na namba ya karatasi. Je, namba hiyo ya Hanang itafikaje katika chumba cha maiti cha hospitali ya Temeke, kama binti yuko huko bila jina?

Tusome Kitabu cha Mwanzo, sura ya 37. Ndugu zake Yosefu wanachovya kanzu yake katika damu ya mbuzi, wanampelekea baba yao na kumwomba aitambue. Mzee Yakobo anaitambua, anararua mavazi yake na kukataa kufarijiwa. Hakuna aliyeuliza kanzu imeokotwa wapi, nani alikuwa naye mara ya mwisho, wala damu ile ni ya nani. Kesi ilifungwa kwa ushahidi wa nguo, nao ulioletwa na watuhumiwa wenyewe. Wakati huo Yosefu alikuwa hai, njiani kwenda Misri. Kilio cha Yakobo kilikuwa cha kweli, lakini uchunguzi haukuwepo.

Tunao akina Yakobo katika nchi yetu. Mwandishi wa habari Azory Gwanda alipotea Kibiti mwezi Novemba 2017. Mwaka 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo aliiambia BBC kwamba alitoweka na kufa, kisha ikaelezwa kuwa maneno yale yalieleweka vibaya. Familia ikaachwa katikati, haiwezi kuzika wala kutumaini. Agosti 2024 Chama cha Wanasheria Tanganyika kilitoa orodha ya watu 83 waliodaiwa kutekwa au kupotea.

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaeleza jinsi mahakama inavyoweza kumhesabu kuwa amefariki mwenzi asiyesikika kwa miaka mitano. Ni vema. Lakini tunahitaji sheria inayozungumza kwa uwazi huo huo juu ya saa ya kwanza. Na saa 24 zinazotajwa sana vituoni, katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai zinamhusu aliyekamatwa, asikae mikononi mwa polisi bila kufikishwa mahakamani. Hazikuwekwa ili mama asubiri kabla ya mtoto wake kutafutwa.

Sheria hiyo iagize mambo matatu. Kwanza, taarifa ipokelewe siku hiyo hiyo katika kituo chochote, na mwenye kulifuatilia jalada ajulikane kwa jina. Pili, liwepo daftari moja la taifa linalounganisha polisi, hospitali, vyumba vya maiti na magereza, na maiti asiyetambuliwa asizikwe kabla sampuli ya vinasaba haijachukuliwa na kuhifadhiwa. Tatu, familia ipewe taarifa kwa tarehe maalumu, na pale wanaotuhumiwa ni askari wenyewe, achunguze mwingine.

Marekani walijifunza hili kwa machungu. Kijana mmoja wa Connecticut alipotea mwaka 2004, na wazazi wake wakagundua kwamba kumbukumbu za waliopotea na za maiti wasiotambuliwa hazikuwa zimeunganishwa. Sheria iliyopewa jina lake, Sheria ya Billy, ilisainiwa Desemba 2022. Miaka kumi na minane!

Wapo watakaosema tatizo ni roho za watu na upungufu wa mafuta ya gari, si sheria. Ni kweli kwamba kituo cha kijijini hakina vitendea kazi. Lakini askari mwema naye anahitaji sheria. Akiambiwa na mkubwa wake aliache jalada, awe na kifungu cha kuonyesha.

Nasi tuna wajibu. Kabla mtoto hajasafiri, andika jina la anayempokea, mtaa na namba ya simu. Kama mliachana kwa ugomvi, usione aibu kuwaeleza polisi. Na jumuiya ndogondogo isimchoke mzazi anayetafuta. Msindikizeni kituoni hata mara ya tano.

Katika Injili ya Luka, mchungaji aliacha kondoo tisini na tisa akamtafuta mmoja. Tunapenda kusifu moyo wake, tukasahau alijuaje kwamba mmoja hayupo: alikuwa amewahesabu. Taifa lisilohesabu waliopotea haliwezi kuwatafuta. Mwone mbunge wako, umwulize daftari letu liko wapi. Na leo katika sala zako, umtaje kwa jina mmoja ambaye bado hajarudi nyumbani.