Siku ya 41

Kwa wauza vitabu vya mitumba, si rahisi kumkosa Rick Warren. Kitabu cha mchungaji huyu wa California, The Purpose Driven Life, kilitoka 2002. Kina siku 40, kila siku na sura yake, na wengi wetu tumehubiriwa yaliyomo hata kama hatujawahi kukishika.

Ugomvi wangu si na kitabu. Ni na wahamasishaji waliokichinja wakabaki na neno moja: kusudi. Wamelivisha nguo mpya. Amka saa kumi na moja alfajiri. Andika malengo kwenye daftari. Achana na marafiki wasiokuinua. Jipange! Ukifeli, basi hukutaka vya kutosha.

Lakini Warren anataja makusudi matano: kumwabudu Mungu, kuishi kwa ushirika, kukua kiroho, kuhudumia wengine na kueneza ujumbe. Tafuta gari hapo. Tafuta ploti. Hata kama wewe si mtu wa kanisa, utaona huwezi kushirikiana wala kuhudumia ukiwa umejifungia chumbani na daftari lako.

Sasa mlete huyo mhamasishaji Voi. Amwambie kijana wa Sagalla kwamba kikwazo chake ni fikra zake. Karibu asilimia 62 ya kaunti ya Taita Taveta iko ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa 1948. Nje ya mbuga kuna ranchi na mashamba makubwa ya mkonge. Ndovu wakitoka usiku wakamaliza shamba la mahindi, daftari la malengo halirudishi hata gunzi moja. Maji ya chemchemi za Mzima, huko Tsavo Magharibi, yamekuwa yakisafiri kwa bomba hadi Mombasa tangu miaka ya 1950, na bado kuna watu Voi wananunua maji kwa mtungi. Hiyo si shida ya fikra, buda. Kuna watu walikaa wakapanga iwe hivyo, na itabidi watu wakae tena wapange upya.

Wazee wa Taita walilielewa hili kabla ya vitabu vya mafanikio kufika. Mwaka 1939 waliunda Taita Hills Association, wakilia na ardhi yao iliyochukuliwa. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku chama hicho na kuwakamata viongozi wake. Mkoloni hakuwa na neno na Mtaita anayeamka mapema. Wa hivyo alimhitaji mashambani. Aliyemkosesha usingizi ni yule aliyejua anachotaka, na akakitaka pamoja na jirani zake.

Najua utauliza: kwa hivyo tukae tu tukilaumu serikali? La. Nidhamu ni kitu kizuri, na alfajiri ni wakati mzuri wa kazi. Ila jiulize unaamkia nini, na nani atafaidika ukifaulu zaidi yako wewe.

Soma siku zako 40. Halafu siku ya 41, chukua wenzako watano mwende kwenye kikao cha bajeti ya kaunti. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, kwa hivyo hamwombi ruhusa ya mtu. Ulizeni pesa za maji ziko wapi. Mkiambiwa mrudi kesho, kesho rudini kumi.