Kabla ya Sindano, Kifua

Mgonjwa wa baridi yabisi wa Tabora anayeandikiwa dawa ya kibayolojia mara nyingi huandikiwa mbali na kwao, aliko bingwa. Akitoka Dar es Salaam, hurudi na sindano zake akifuata njia ya kale ya wapagazi wa Kinyamwezi, ambayo reli yake ilifika Tabora mwaka 1912. Toleo hili linahusu yanayomngoja akishafika. Naamini usalama wake haumo mikononi mwa bingwa peke yake. Umo pia mikononi mwa mganga wa zahanati, atakayemwona miezi mitatu baadaye akilalamikia homa za jioni.

Dawa za kibayolojia kama infliximab, adalimumab na etanercept huzuia TNF, protini ya mwili inayochochea uvimbe wa viungo. Aliyeweza tena kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe anajua thamani ya dawa hizi, nami simshauri yeyote aziogope. Lakini TNF hiyo hiyo ndiyo inayosaidia mwili kuwazingira bakteria wa kifua kikuu (TB) waliolala, pengine kwa miaka mingi. Ikizuiwa, wanaweza kuamka. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walieleza habari za wagonjwa 70 waliopata TB baada ya infliximab. Wengi waliugua mapema, baada ya dozi tatu au pungufu, na kwa zaidi ya nusu yao TB ilikuwa nje ya mapafu. Nasi tunaishi katika mojawapo ya nchi 30 ambazo WHO inasema zina mzigo mkubwa wa ugonjwa huo.

Hapo ndipo penye hatari. Mganga akipima makohozi huenda asione kitu, kumbe ugonjwa uko kwenye tezi, uti wa mgongo au tumboni. Asipojua mgonjwa anadungwa nini, atafute zaidi kwa sababu gani?

Basi kipimo cha TB kitangulie sindano ya kwanza, pamoja na picha ya kifua na kipimo cha homa ya ini B. Akikutwa na TB iliyolala, aanzishiwe kwanza dawa za kinga. Homa isiyoisha, jasho la usiku au kukonda kukitokea, asidungwe dozi inayofuata kabla daktari hajamwona.

Safarini, dawa ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, ndani ya kasha la baridi, bila kugusana na barafu. Iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Joto la Tabora la Oktoba nalo haliisamehe.

Ombi letu kwa mabingwa: kila mnapoanzisha dawa hizi, mpeni mgonjwa barua ya kumpelekea mganga wa kwao, yenye jina la dawa, tarehe ya dozi ya kwanza, majibu ya vipimo vya TB na namba ya simu inayopokelewa.