*TAARIFA YA TAWI: KODI IMELIPWA, PAA LINAVUJA. MPANGAJI AFANYEJE?*



Kila masika ofisi ya tawi hupokea malalamiko yale yale. Bati limetoboka, godoro limelowa. Choo kimejaa, maji yanarudi uani. Swichi inatoa cheche. Mpangaji amesema mara tatu, mwenye nyumba amejibu "nitamleta fundi", na fundi hajaonekana. Tumeona tutoe msimamo hadharani ili kila upande ujue wajibu wake.

*Msimamo wa tawi:* matengenezo ya nyumba siyo hisani, ni deni. Anayepokea kodi anadaiwa matengenezo, kama vile anayeishi chumbani anavyodaiwa kodi.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inamfunga mwenye nyumba hata kama mkataba umekaa kimya. Amwache mpangaji akae kwa utulivu. Akipangisha sehemu tu ya jengo, atunze paa, kuta za nje, mifereji mikuu na njia za pamoja. Nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu. Kifungu cha 89 nacho kinamfunga mpangaji: alipe kodi na atunze anapokaa. Kitasa ulichokivunja mwenyewe ni juu yako.

Tatizo letu hapa Dar es Salaam ni fedha kutangulia. Tunalipa miezi sita, wengine mwaka mzima. Ukishakabidhi fedha, huna tena cha kumshikia mwenye nyumba. Na tangu sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilipofutwa mwaka 2005, kodi imebaki makubaliano ya watu wawili. Kwa hiyo kinga ya mpangaji ni maandishi. Fuateni utaratibu huu:

*1. Kabla ya kulipa.* Kagua chumba, choo, paa na umeme. Ubovu uliopo uandikwe kwenye mkataba, pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Siku ya kulipa, au ya kuongeza mkataba, ndiyo siku unayosikilizwa. Itumie. Dai risiti.

*2. Ubovu ukitokea.* Andika siku hiyo hiyo. Ujumbe wa simu unafaa: tarehe, kilichoharibika, picha, na siku unazompa. Mkizungumza kwa mdomo, mtumie tena kwa maandishi mlichokubaliana. Usifute.

*3. Kukatana kwenye kodi.* Mwenye nyumba akisema hana fedha, mwombe akubali kwa maandishi utengeneze wewe, kisha mkatane. Mfano: kodi ijayo ni 360,000, fundi na vifaa 45,000, utalipa 315,000. Wote wawili mtie saini, risiti za fundi zibandikwe.

*4. Akinyamaza.* Nenda kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, na nakala za ujumbe wako. Choo na majitaka ni suala la afya ya mtaa mzima: mwone afisa afya wa kata, ambaye ana nguvu chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Umeme haungoji barua. Zima swichi kuu, ita fundi mwenye leseni. Ukiwaka moto, piga 114.

*5. Ikishindikana.* Nenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, siyo kuhukumu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na uwezo wa wakili aulizie msaada wa kisheria wa bure, upo kwa Sheria ya mwaka 2017.

*6. Ukiamua kuhama.* Dai kwa maandishi kodi ya miezi iliyobaki kabla hujakabidhi ufunguo.

*Tahadhari.* Usigome kulipa kodi kwa uamuzi wako peke yako. Ulikuwa unadai, sasa utadaiwa, na kesi itageuka. Na mwenye nyumba asing'oe bati, asikate maji, asiweke kufuli ili kumtoa mtu. Mgogoro una mahali pake pa kuamuliwa.

*Kwa wenye nyumba.* Tunajua wengi wenu ni wastaafu na wajane, na kodi hiyo ndiyo chakula. Lakini tupige hesabu. Vyumba 6 kwa 60,000 kwa mwezi ni 360,000. Kwa miezi sita ni 2,160,000. Ukitenga shilingi 5 katika kila 100, una 108,000 za fundi kila nusu mwaka, na hujaguswa sana. Asiyetenga fedha ya matengenezo anakula mtaji akidhani anakula faida. Wazee walishasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

*Kwetu sisi viongozi.* Baadhi ya wajumbe wa kamati ya tawi wanapangisha nyumba. Kadi ya chama haifuniki choo kilichojaa. Mjumbe atakayelalamikiwa atafuata utaratibu huu huu, na hatakaa kwenye kikao kinachozungumzia nyumba yake.

Tawi siyo baraza, hatutahukumu mtu. Tunachoweza ni kuandika. Kila Jumamosi, saa 3 hadi saa 6 asubuhi, ofisi ya tawi itasaidia kuandika barua na mikataba bila malipo, kwa mpangaji au mwenye nyumba, mwanachama au asiye mwanachama. Njoo na mkataba, risiti na simu yenye picha.

Tafadhali mfikishie jirani asiye kwenye kundi hili.

*Imetolewa na:*
Katibu wa Tawi