Msichana hapotei kama sindano

Ndugu vijana wa Likasi, wa Mwadingusha na wa Katanga yote,

Kwa mji mdogo hakuna siri. Ukivaa viatu vipya asubuhi, jioni mtaa mzima unajua. Mgeni akilala kwa jirani, watoto wameshamhesabu mbele jua halijapanda. Sasa juu ya nini msichana anatoka kwao jioni, harudi, na mji ule ule unasema « hatujui »?

Siye tunasema: mtu hapotei kama sindano. Kuko mwenye alimwona. Kuko mwenye anajua. Kinachokosekana ni wa kusema, na ofisi ya kuandika alichosema.

Angalieni Kenya. Nanyuki ni mji wa chini ya mlima Kenya, na jeshi la Uingereza liko na kambi ya mazoezi pale. Askari wanakuja kwa zamu, wanatumia pesa, wanarudi kwao. Usiku wa tarehe 31 Machi 2012, Agnes Wanjiru, miaka 21, mama wa mtoto wa miezi mitano, alikuwa na marafiki zake kwa hoteli moja ya mji. Alionekana akiwa na askari hao. Hakurudi kulala kwao. Mwezi wa 6, maiti yake ilikutwa ndani ya shimo la maji machafu la hoteli ile ile. Zaidi ya miezi miwili watu walikuwa wanamtafuta, kumbe iko palepale.

Mwaka 2019, hakimu Njeri Thuku alitoa uamuzi wa uchunguzi wake: Agnes aliuawa, na waliomuua ni askari wa Uingereza, mmoja ao wawili. Mwaka 2021, gazeti Sunday Times liliandika kama kati ya askari wenyewe walikuwa wenye kujua tangu zamani, na kama habari ilifikishwa kwa wakubwa, wakubwa wakanyamaza. Mwezi wa 9 wa 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa amri ya kukamata mtu mmoja aliyekuwa askari. Mwezi wa 11 alikamatwa kwao Uingereza. Yeye anakana. Zaidi ya miaka 13 ilipita bila mtu kuhukumiwa. Mtoto amekua bila mama.

Hiyo kesi haikukosa ushahidi, ilikosa watu wa kufungua mdomo. Na kama leo iko mezani ya mahakama, ni kwa sababu ndugu zake, wanawake na watetezi wa haki walikataa kuchoka.

Mwadingusha si Nanyuki, tunajua. Lakini hapa pia watu wanapita. Barrage ya Lufira inatoa umeme tangu miaka ya 1930, na mashini zake zilifanywa upya ili kulisha migodi. Kuko wafanyakazi wa mkataba, madereva, wenye kununua samaki ya ziwa Tshangalele. Hatusemi mgeni ni mtu mubaya. Tunasema: penye watu wanapita, siku moja ya kuchelewa inatosha. Kesho yake gari limeondoka, namba ya simu imefungwa, kitanda kimetandikwa.

Na siku hiyo moja ndiyo tunaipoteza kila mara. Mama anafika polisi, anaambiwa: « Ngoja, atarudi, labda yuko kwa bwana. » Anaombwa pesa ya karatasi. Nje, watu wanauliza alivaa nini, alipenda kutembea na nani. Hata kama alikunywa, hata kama alikuwa na wanaume kumi, ni mtoto wa mtu. Kifungu cha 16 cha Katiba yetu kinasema mtu ni kitu kitakatifu, na Leta inalazimika kumlinda. Hakikusema « kama alivaa vizuri ».

Kwa hiyo tunaomba:

1. Polisi ipokee habari ya mtu aliyepotea siku ile ile, bila hata franka moja, na familia ipewe kopi ya PV yenye namba na jina la OPJ.

2. Siku ya kwanza waulizwe wenye hoteli na nyumba za wageni, madereva, na watu wa mwisho aliowapigia simu.

3. Polisi ikikataa, familia ipokelewe kwa parquet ya Likasi. Wazazi, musikubali kurudishwa mlangoni. Tuiteni, tutawasindikiza.

Na wewe kijana unayesoma: usipitishe uvumi wala picha ya kumchafua msichana. Andika saa, mahali na rangi ya gari, ulizoona na macho yako. Uko na woga? Enda na mtu unayemwamini. Lakini enda leo. Askari wa Nanyuki walioogopa kusema, wengine walisema nyuma ya miaka tisa. Mama wa hapa hawezi kungoja miaka tisa.