Soda Jikoni: Kuonyesha ni Bora Kuliko Kutisha

Ushauri kuhusu soda, katika kliniki za kisukari na za meno, mara nyingi huwa neno moja: acha. Mgonjwa huitikia kwa adabu, hurejea nyumbani, na harusi ya kwanza ikifika huipokea chupa kama kawaida. Si mkaidi; aliambiwa tu, hakuonyeshwa. Jaribio dogo la jikoni linaweza kueleza yale ambayo katazo limeshindwa kueleza, nalo linastahili nafasi katika elimu ya afya.

Hutafutwa chupa mbili za ujazo sawa, moja ya soda ya kawaida na nyingine ya soda isiyo na sukari. Kila moja humiminwa katika sufuria yake na kuchemshwa kwa moto mdogo. Gesi hutoka kwanza, kisha maji huondoka kwa mvuke. Sufuria ya soda isiyo na sukari hubaki na doa jembamba. Ile nyingine hubaki na shira nzito inayonata. Kazi hii ni ya mtu mzima, kwa kuwa shira ya moto hushika ngozi na kuunguza vibaya.

Kilichobaki kinahesabika. Soda nyingi za kawaida zina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi ina gramu 35 hivi, karibu vijiko 9 vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na unaona ni heri zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Chupa moja imekwisha kuvuka kiwango hicho cha pili. Ulimi hautambui wingi huo, kwa sababu ubaridi na uchachu huufunika utamu.

Wapo wanaopendelea jaribio la kutisha: jino ndani ya glasi ya soda, pamoja na madai kwamba litayeyuka lote usiku mmoja. Haliyeyuki. Ni kweli kwamba soda, hata isiyo na sukari, ina asidi inayomomonyoa tabaka la nje la jino kwa mazoea ya muda mrefu. Lakini kinywani mna mate yanayoipunguza nguvu. Mgonjwa akijaribu nyumbani na kulikuta jino zima asubuhi, atatilia shaka hata yaliyo kweli. Njia ya mwongo ni fupi.

Hofu ina hatari kubwa kuliko hiyo. Mgonjwa anayetumia insulini anaweza kupatwa na kushuka kwa sukari: akatetemeka, akatokwa na jasho, akachanganyikiwa. Maadamu ana fahamu na anaweza kumeza, huhitaji upesi gramu 15 hivi za sukari, nazo zimo katika mililita 150 za soda ya kawaida. Aliyefundishwa kwamba soda ni sumu atasita. Au jamaa zake, kwa nia njema, watamletea ile isiyo na sukari, ambayo haitamfaa. Waliokwisha kuziona sufuria mbili hawatakosea chupa. Aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu, hukimbizwa hospitali.

Itasemwa kwamba mhudumu mwenye foleni ndefu hana muda wa kuchemsha soda. Hana haja ya kuchemsha kila siku. Vijiko 9 vya sukari ndani ya chupa tupu, iliyowekwa mezani penye macho ya wote, vitatosha. Mgonjwa ataitazama, kisha atauliza mwenyewe; na hapo ndipo ushauri unapoanza.