Rosa Mistika ni tanzia, si onyo kwa wasichana

Wengi hufundisha Rosa Mistika (1971) kama onyo: msichana atulie, asije akaishia kama Rosa. Mimi nakataa. Euphrase Kezilahabi aliandika riwaya, lakini mwendo wake ni wa tanzia ya jukwaani. Miaka miwili kabla, Ebrahim Hussein alikuwa ametoa tamthilia ya Kinjeketile: neno lililotamkwa ili kuunganisha watu linamzidi nguvu aliyelitamka, na watu wanakufa. Zakaria naye anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, akidhani analinda heshima ya binti yake. Kipigo kinamfunza Rosa hofu, si busara. Akifika shuleni, mbali na baba, hana cha kumwongoza. Mwisho anajiua. Ulinzi wenyewe ndio ulioleta maangamizi.

Tukiisoma hivyo, swali linahama kutoka kwa Rosa kwenda kwa Zakaria. Huku kwetu Swima, binti akipata mimba angali mwanafunzi, huulizwa yeye. Malezi yake hayaulizwi. Mwalimu anayeigeuza riwaya hii kuwa onyo anaendeleza fimbo ya Zakaria.